Nembo Nne katika Chumba cha Mzee Mirumbe

Jumatatu, 17 Machi 1997. Migori

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya sweta za shule. Kurasa zilizobaki ni nyingi, na humu chumbani sina wa kuzungumza naye isipokuwa mashine, basi nitaandika.

Kaka yangu Tony aliteleza kutoka juu ya lori la miwa kule Awendo, mvua ya kwanza ya msimu, akavunjika mguu mahali pawili. Yuko wodini Homa Bay, mguu umeinuliwa kwa kamba na kufungiwa uzito. Nilikuwa nimemwambia asidandie malori ya watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni mimi, nimemzidi miaka minne. Nilimpa methali hiyo pale pale kitandani kwa sababu nilijua hawezi kuinuka kunifukuza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha nikaona analia kweli.

"Phanice, dada yangu," akasema, "nishikie ile chumba mpaka mvua iishe. Nikipoteza hiyo, sina kitu ingine."

Ni kweli hana. Alipopunguzwa kazini mwaka juzi, pesa zote alizopewa za kuagwa alizitia katika mashine nne za gemu, kutoka kwa bwana mmoja wa Kisumu aliyekuwa akifunga ukumbi wake. Akakodi chumba hapa karibu na stendi, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na stima ya kuzitosha. Basi mimi, mshonaji wa nembo za shule, mke wa watu, nimemwachia mume wangu Nicanor watoto na cherehani, nimekuja kulinda vita vya ndege za kwenye kioo.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kikuria anayeitwa Mirumbe. Anaishi uani, nyuma ya chumba, na mkewe, Mama Gesare. Nilimwamkia, akaitikia huku akitazama matope ya viatu vyangu. Hatutapatana.

Jumanne, 18 Machi

Kazi yenyewe si ngumu. Unawasha swichi kubwa ya ukutani, kisha mashine moja moja. Kabla ya gemu kuanza, kioo kinaonyesha nembo ya kampuni kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Wachezaji hawaitazami, wanabonyeza vitufe ipite upesi. Lakini mimi nimekula kwa nembo miaka tisa, siwezi kuipita hivi hivi.

Mashine zote ni za kampuni moja, Sanoka. Ya kwanza imeandikwa 1981: herufi nyeupe kwenye weusi, na juu yake kiduara chenye vistari saba. Unaona kabisa aliyeichora hakuwa na rangi nyingine. Ya 1985 imepata buluu, na kile kiduara kimekuwa jua linalochungulia nyuma ya herufi, miale saba. Ya 1989 herufi ni nyekundu, zimeinama mbele kama zina haraka, jua limepanda zima, miale saba, na kuna mlio mdogo wa sauti tatu. Ya 1993 ni dhahabu tupu, na jua linazunguka kwa kasi hata ukilitazama sana unapata kizunguzungu. Hiyo ya nne ndiyo wateja wanayogombania.

Nimezichora zote ukurasa wa nyuma kwa mpangilio. Ni kama kutazama picha za mtu tangu ubatizo hadi harusi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Stima imepotea mara nne, kwa hiyo nembo nimeziona mara tano.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Halafu usingizi.

Alhamisi, 27 Machi

Bati linavuja juu ya mashine ya pili. Nilimwita Mzee Mirumbe aje aone. Tangu Tony akodi chumba mwezi wa kwanza hakuwahi kuingia, anasema makelele yake yanamuumiza meno. Leo stima ilikuwa imepotea, chumba kimya, akaingia na fimbo yake, akatazama bati, akasema ataleta lami.

Mara stima ikarudi. Sikuwa nimezima swichi, basi mashine zote nne ziliamka kwa pamoja, na nembo nne zikatokea kwa safu, kutoka ukutani hadi mlangoni. Mzee akasimama. Alizitazama hadi zikapotea, akaniambia nizime niwashe tena. Nikafanya hivyo, nikidhani amezipenda.

"Hizi ni za mtu mmoja?"

"Za kampuni moja, mzee."

"Na mbona chapa ni nne?"

Nikamwambia kampuni hubadilisha nembo kadiri miaka inavyokwenda. Alitoka bila hata kutazama tena lile tundu la bati.

Jumatano, 2 Aprili

Leo sina nguvu za kuandika vizuri, nina hasira. Mzee amekuja asubuhi, amevaa koti, akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa na serikali.

"Dada ya Tony. Mimi nimefikiria siku sita. Hii mali ni ya wizi."

Nikadhani sikusikia. Akaeleza polepole, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Mali ya mtu mmoja hubeba chapa moja. Baba akifa, mtoto hupiga chapa ile ile. Ukiona chapa imeongezwa mstari, imeongezwa duara, ujue kuna mkono ulipita hapo katikati. "Sisi tunajua hii maneno. Hapa mpaka iko karibu. Ng'ombe inaenda na chapa moja, inarudi na ingine."

"Mzee, hizi si ng'ombe!"

"Mali ni mali."

Nikamwambia kwetu ziwani baba yetu alipaka mashua yake rangi mpya kila mwaka na samaki hawakuwahi kumwita mwizi. Akasema mashua haiswagwi. Mwisho wa Mei chumba kiwe wazi, yeye hatalala juu ya jasho la mtu mwingine. Akaondoka, tena akanitakia siku njema.

Jeff, makanga wa magari ya Isebania, ambaye ndiye bingwa wa mashine ya nne, alisikia yote. "Mazee, huyo buda amechizi," akasema, akicheka. Na mimi nikacheka naye. Tena kwa sauti, ili mzee asikie huko uani.

Hakuna chumba kingine chenye stima kama hii karibu na stendi. Nimeuliza mara tatu leo. Tony akitoka hospitali akute mashine zake zimerundikwa kibarazani kwa mtu, sijui nitamwambia nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Sisemezani na mzee. Lile tundu, hata hivyo, ameliziba.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama Gesare aliniletea maziwa lala kwenye kibuyu kidogo, akaketi bila kukaribishwa. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho ya kucheka, na nilijua amekuja kutetea mtu wake.

"Wewe unamwita mzee, mzee," akasema. "Mwite Tata. Ndiyo baba kwetu. Ukimwita mzee anajua wewe ni mpangaji tu."

Kisha akanisimulia. Miaka tisa iliyopita, kabla ya nyumba hizi, walikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja. Chapa yao ilikuwa nusu ya mwezi. Usiku mmoja wakaswagwa wote isipokuwa wanne. Mirumbe alizunguka minada miaka miwili, pande zote mbili za mpaka, akimtafuta hata mmoja. Akampata mmoja, wa kahawia mwenye tumbo jeupe, mnadani, ana chapa ya duara zima. Wezi walikuwa wamekamilisha mwezi.

Mirumbe akasema, "Chini ya duara hili iko nusu yangu." Walinyoa manyoya, wakamwaga maji, askari akainama akaona duara tu. Yule kijana aliyemshika ng'ombe alikuwa akitazama chini muda wote. "Yeye alijua," Mama Gesare akasema. "Mume wangu alimwona akijua. Lakini hakusema." Watu wakacheka, wakasema mzee anaota ng'ombe wake kila mahali. Akarudi nyumbani kwa miguu. Akauza wale wanne akajenga vyumba hivi, kwa sababu nyumba haiwezi kuvushwa mpaka.

Hata hivyo, akaniambia, watu bado humwita kutoka Uriri hadi Isebania aje awasomee chapa wakigombana. Ndicho kitu pekee kilichombakia katika mambo ya ng'ombe.

Kibuyu nilikirudisha mwenyewe jioni. Nimemwamkia "Tata." Hakutazama viatu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeona haya siku nzima kwa kile kicheko.

Ijumaa, 18 Aprili

Niliamua kumweleza kwa kazi yangu mwenyewe, si kwa mashua. Katika sanduku langu nina beji za zamani za shule moja ya kwetu, maana huwa naziweka kama mfano. Beji ya kwanza ina mwenge tu. Ya pili mwenge umeongezewa kitabu. Ya tatu, mwenge, kitabu na samaki, baada ya mwalimu mkuu mpya aliyependa samaki. Nilizipanga mapajani pa Tata Mirumbe, pale kwenye kiti chake uani.

"Shule ni ile ile," nikamwambia. "Ardhi ile ile, kengele ile ile. Hakuna aliyeiiba. Ila kila anayekuja anataka ionekane imekua. Na tazama, mwenge haujawahi kutoka."

Alizigeuza moja moja, akapapasa nyuzi kwa kidole gumba. Muda mrefu. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akaniambia niwashe.

Nikawasha kwa mpangilio wa miaka. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikaona uso wake unalainika. "Hii nyanya," akasema. "Hii mama. Hii binti." Nilitaka kumkumbatia. Ya nne ikaanza kuzungusha dhahabu yake, akaitazama, akaniambia nizime niwashe tena.

"Hii si ya nyumba hii."

"Tata, si jina ni lile lile? Si jua ni lile lile?"

"Sijui kusema ni nini. Mwendo yake si ya wenzake."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Miaka tisa nashona nembo, macho yangu ndiyo chakula changu, na sasa nifundishwe nembo? Nikamwambia, naapa kwa kaburi la mama yangu, hii ya nne ni mtoto wa hizi tatu, ni vile tu imezaliwa na pesa. Nilisema hivyo. Nimeandika hapa ili nisije nikasema sikusema.

Alhamisi, 24 Aprili

Tata Mirumbe amekubali! Amesema mtu akikuonyesha kweli tatu, ya nne utamwamini kwa kinywa chake. "Umeapa na mama yako. Mimi nimekosea. Kaeni." Nimemwandikia Tony barua ya kurasa mbili nikijisifu. Nimenunua samaki mzima nikala peke yangu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Chumba kimejaa. Jeff na wenzake wameshinda kwenye mashine ya nne tangu asubuhi, vijana wa miwa wamekuja kutoka Awendo kwa ajili yake tu.

Siku hizi Tata huja kila asubuhi wakati wa kuwasha. Amejiletea kigoda chake. Huziamkia zile tatu kwa Kikuria kama mtu anayepita kati ya mifugo yake, ya nne huitazama tu, kisha hunywa chai yangu na kurudi uani. Kama nisingejionea, ningesema nadanganywa. Nimeanza kumpenda mzee huyu.

Jumanne, 6 Mei

Heri nisingaliona.

Saa nane mchana, mvua ya mawe, stima ikapotea, ikarudi kinyonge. Balbu ikawa nyekundu tu. Hakukuwa na mteja. Zile tatu ziliamka kwa shida, ya nne ikakwama kwenye nembo. Jua lilikuwa limesimama. Kwa mara ya kwanza halikuzunguka, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikahesabu miale. Ilikuwa tisa.

Nikahesabu tena kwa kidole. Tisa. Katika zile nyingine ni saba, hata kwenye vile vistari vya mwanzo ambapo hawakuwa na rangi. Mtu anaweza kubadilisha rangi, akainamisha herufi, akainua jua, lakini kile kidogo cha katikati hukiacha, ndicho alama yake. Nimekwishamwambia Tata hayo mwenyewe kwa habari ya mwenge.

Stima ikayumba tena, dhahabu ikakatika, na chini yake, kwa muda wa kupepesa jicho, nikaona kitu kingine: ndege wa kijani mwenye shingo ndefu, na jina jingine kabisa chini ya miguu yake. Kisha Sanoka ikarudi juu, ikaanza kuzunguka kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilimwita Chrispine, fundi wa redio wa duka la tatu. Alifungua nyuma, akavuta lile bamba la ndani, akanionyesha vile vipande vyeusi. Kila kimoja kimekwaruzwa juu kwa tupa hadi majina yakatoka.

"Siri ya mtungi aijuaye kata, mama," akasema. "Hii ni kazi ya kampuni ingine. Mtu aliichukua, akafuta jina ya wenyewe, akaivalisha ya Sanoka ndio iuzike. Lakini hakufuta vizuri. Ukizima na kuwasha haraka haraka, ile ya kwanza inachungulia."

Alizima, akawasha upesi. Ndege akachungulia.

Nimemwomba asimwambie mtu. Nimeketi kwenye kigoda cha Tata kuandika haya, na nimeona nimekaa mahali pasipo pangu, nikainuka.

Jumatano, 7 Mei

Tata alikuja, akaamkia zile tatu. Nilimwaga chai.

Jumamosi, 10 Mei. Homa Bay

Nimefunga chumba siku moja nikaja kumwona Tony. Amekonda, lakini mguu unashika vizuri, daktari amesema mwezi wa sita ataanza kutembelea magongo. Nilimnawisha uso, nikamkata kucha, nikamwambia yote.

"Hiyo ya nne ndiyo inaleta watu," akasema. "Hizo zingine wanacheza wakingojea hiyo."

"Najua."

"Mimi sikuiba, Phanice. Nilinunua na pesa yangu, mchana, mbele ya watu."

"Najua, nyathi min, mwana wa mama."

"Basi nyamaza. Mzee amekubali, nyamaza. Uliapa ukiwa hujui. Hiyo Mungu hahesabu."

"Na sasa nikiwa najua?"

Akageukia ukuta kadiri kamba ya mguu ilivyomruhusu. Mgongo wake ni ule ule wa alipokuwa na miaka sita akinuna. Nilitaka kumwambia nitanyamaza. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nilimfunika shuka nikatoka, na hatukuagana.

Nimelala kwangu, kati ya Nicanor na mtoto mdogo. Nicanor anasema jambo lisilokuuliza usilijibu. Labda.

Jumatatu, 12 Mei. Migori

Mvua. Nembo mara tatu. Sitazami ya nne.

Alhamisi, 15 Mei

Nimenyamaza. Kila siku ninayonyamaza inakuwa rahisi kidogo kuliko jana, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 21 Mei

Leo kijana mmoja anayeitwa Ryoba, wa njia ya Isebania, alikuja kwa Tata. Waliongea uani, ukuta ni wa mbao, nikasikia yote. Ndama jike wake aliibwa mwezi wa kwanza. Amepatikana katika kundi la mtu pale Isebania, chapa imegeuzwa. Chifu amewaita Jumatatu saa nne. Asipoleta mtu wa kusoma ile chapa ya chini, ndama atabaki kwa yule mtu. Alimwomba Tata aende.

"Tafuta mwenye macho," Tata akasema.

"Tata, kila mtu anasema ni wewe."

"Hiyo ilikuwa zamani. Juzi nimemwambia mtoto wa watu mali yake ni ya wizi. Nikaangalia kitu safi nikaona chapa mbili. Nilitaka kufukuza mgonjwa. Macho imekwisha, Ryoba. Na huenda hata ile siku ya mnada ilikuwa imekwisha, mimi sijui tu. Watu walicheka, labda walikuwa na haki ya kucheka."

Ryoba alimsihi. Mama Gesare naye alimsihi, kwa Kikuria, sauti ikipanda. Baadaye Mama Gesare alipita mlangoni kwangu akaniambia mumewe amewaambia wazee wenzake wasimwite tena kwa mambo ya chapa. Alisema akijaribu kutabasamu. "Amezeeka wiki hizi nne," akasema. "Sijui ni nini."

Mimi najua ni nini. Nilidhani nikinyamaza ninamlinda Tony na hakuna anayelipa. Kumbe mzee wa watu alikuwa akilipa kila asubuhi, kwa kigoda chake, mbele yangu, huku nikimmiminia chai.

Jumapili, 25 Mei

Barua ya Tony imeletwa na Jeff, aliyeipokea stendi kutoka gari la Homa Bay. Mistari miwili. "Dada, nimewaza. Fanya vile mama angefanya, lakini nakuomba nisipoteze zote." Nimeisoma hadi karatasi ikalegea. Mama angekuwa amekwishasema tangu tarehe sita, kabla ya chai.

Jumatatu, 26 Mei

Ninaandika haya saa tatu na nusu asubuhi, mteja wa kwanza akigonga na mimi sifungui.

Tata alikuja saa mbili na nusu kama kawaida. Kabla hajaketi nikamwambia, "Tata, usikae bado. Nina neno." Akabaki amesimama, mkono juu ya fimbo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu jana, yote yakanitoroka. Nikasema tu, "Ya nne si ya nyumba hii. Ulisema kweli. Mimi nimekudanganya."

Nikaiwasha, nikazima, nikawasha upesi. Ndege wa kijani akatokea chini ya dhahabu, akapotea. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu, na nikamweleza habari ya miale tisa, habari ya tupa ya Chrispine, na kwamba Tony aliinunua bila kujua. Nilikuwa nalia, sikujali.

Tata alisogea hadi kwenye kioo. Aliweka kiganja chake pale ndege alipokuwa, akakiacha hapo.

"Ulijua lini?"

"Tarehe sita."

Akahesabu kwa vidole vya mkono mwingine. "Wiki tatu."

"Wiki tatu, Tata. Nisamehe."

"Yule kijana wa mnada amekaa na ng'ombe yangu mpaka imekufa. Alijua, na hajawahi kuja. Miaka saba nimengoja aje anione, tu aseme. Nisingemdai kitu." Akakohoa. "Wewe umechukua wiki tatu. Umechelewa. Lakini umekuja."

Yeye alikuwa bado ametazama kioo, jua la dhahabu likizunguka chini ya kiganja chake, likimwangazia vidole.

"Basi niliona," akasema, polepole, si kwangu. "Ile siku, mimi niliona."

Kisha akatoa mkono, akanyooka. Akaniambia hii niizime, niigeuze uso ukutani, isichezwe mpaka Tony aje, kisha sote watatu tuwaze namna ya kumtafuta mwenye ndege. Zile tatu zibaki. Chumba ni chetu. Alisema yote hayo kwa haraka, kama mtu anayemaliza kazi ndogo ili aifikie kubwa. Akauliza saa. Nikamwambia saa tatu kasorobo. Akauliza gari la Isebania linaondoka saa ngapi, na Jeff, aliyekuwa mlangoni akingoja nifungue, akasema lake linajaza sasa hivi, buda, twende.

Tata akatoka mbio, mbio za mzee, fimbo ikitangulia, hata kofia hakuvaa na manyunyu yameanza. Mama Gesare alikuja kutoka uani na kikombe cha uji, akasimama karibu nami akimtazama anavyovuka barabara yenye matope.

"Huyu hajakula. Anakimbilia wapi?"

"Isebania," nikamwambia. "Anaenda kumwangalia ndama wa Ryoba."